Kwenda Rubondo kwa barabara kutoka Mbalibali: anzeni na boti, mrudi nyuma hadi nyumbani

Msikilizaji wetu, baada ya kipindi chetu cha safari za ndani tulipokea ujumbe mwingi wa sauti. Miwili ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Wa kwanza ulitoka kwa mama mmoja wa Mbalibali, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Kikundi chao kina watu kumi na wawili. Mwaka huu, wakishagawana, wamekubaliana kila mmoja abakize fungu dogo ili waende pamoja mahali wasipowahi kufika. Wametajiwa kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Viktoria, chenye sokwe mtu, tembo na twiga. Swali lake lilikuwa fupi: "Tunaanzia wapi?"

Wa pili ulitoka kwa mzee mmoja wa upande wa Nyamongo. Yeye alisema, "Wanangu, tembo mimi namwona bure. Anakuja usiku shambani, anakula mahindi, anaondoka. Kwa nini nilipe nauli, nipande boti, nikamtazame tembo mwingine?"

Maswali yote mawili ni ya haki, na tutayajibu yote. Tunaanza na la mzee, kwa sababu mtu asiyejua anakwenda kuona nini hawezi kupanga safari vizuri.

Rubondo ni nini, na wanyama walifikaje

Rubondo ni kisiwa kilichopo kusini magharibi mwa Ziwa Viktoria, mkoa wa Geita. Kilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1965, kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Hifadhi nzima, pamoja na maji na visiwa vidogo vinavyokizunguka, ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 457. Sehemu kubwa ya nchi kavu ni msitu mnene. Kwa hiyo asiende mtu akitegemea uwanda mpana kama wa Serengeti, ambako unasimama juu ya gari na kuona nyumbu hadi macho yanachoka. Rubondo utasikia mnyama kabla hujamwona, na wengine utawasikia tu.

Kabla ya hifadhi, kisiwani waliishi watu, wavuvi na wakulima, ambao walihamishwa katika miaka ya 1960. Tunalisema hili kwa sababu wasikilizaji wetu wengi mnaishi mpakani mwa Serengeti na mnajua mpaka wa hifadhi maana yake nini kwa familia.

Kisiwa kina wenyeji wake wa asili: kiboko, mamba, pongo, fisi maji, tumbili, chatu, na nzohe. Nzohe ni swala wa majini. Kwato zake ni ndefu na hutanuka, ndiyo maana anaweza kutembea kwenye matope na mafunjo bila kuzama. Akitishwa huingia majini na kubakiza pua nje. 

Wengine waliletwa na binadamu, na hapa ndipo habari inapofika hadi kwetu Serengeti. Wengi mmesikia jina la Profesa Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyekuja na mwanawe Michael kuhesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo mwishoni mwa miaka ya 1950. Michael alifariki katika ajali ya ndege hiyo mwaka 1959, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Shirika la Grzimek, la wanyamapori la Frankfurt, ndilo lililopeleka sokwe mtu Rubondo. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliachiwa sokwe mtu 17 waliotolewa kwenye mabustani ya wanyama na maonyesho ya huko Ulaya. Baadhi yao walikuwa wamefungiwa kwa miaka. Walikuwa wamezoea kulishwa kwa mkono, na ghafla wakajikuta kwenye msitu ambao hawakuwahi kuuona.

Wengi walidhani wangekufa. Lakini walijifunza matunda gani yanaliwa, wakaanza kujenga viota vyao juu ya miti kila jioni kama sokwe wa porini, wakazaa. Sokwe waliopo leo ni watoto, wajukuu na vitukuu vya wale waliotoka vizimbani.

Tembo na twiga nao waliletwa, vilevile mbega weusi kwa weupe na paa wadogo. Faru waliletwa pia, ila majangili waliwamaliza. Mwaka 2000 waliachiwa kasuku wa kijivu waliokamatwa kwenye biashara haramu. Ndege kwa ujumla ni zaidi ya aina 200, na furukombe ni wengi mno kando ya maji.

Simba, chui na fisi hawapo. Kwa sababu hiyo, Rubondo mgeni hutembea kwa miguu msituni akiongozwa na askari wa hifadhi. Serengeti tumezoea kuwaona wageni wakipita ndani ya magari huku vumbi likituangukia sisi. Rubondo utashuka, utakanyaga ardhi, na aliyekuongoza atakuonyesha nyayo na kinyesi na kukueleza mnyama alipita saa ngapi. Watu wetu ambao wamekulia porini watalifurahia hilo kuliko mgeni yeyote.

Sasa mzee wetu wa Nyamongo, jibu letu ni hili. Hatukuambii kwamba kumwona tembo wa Rubondo kutakurudishia mahindi yako. Mahindi yana utaratibu wake: unatoa taarifa kijijini, afisa wanyamapori anakuja kukagua, na kinachotolewa na serikali ni kifuta jasho, si fidia kamili. Lakini yule tembo wa usiku unakutana naye ukiwa na tochi na debe, moyo unadunda. Mara moja katika maisha, si vibaya kukutana na mnyama ukiwa umepumzika, ukiwa mgeni, na mwenye kazi ya kukulinda ni mtu mwingine. Nchi ni yenu pia, na kiingilio cha Mtanzania kimewekwa chini kwa shilingi ili nanyi mwingie.

Kosa tulilolifanya sisi

Tukija kwenye swali la katibu, tuanze na kosa letu wenyewe. Tulipokwenda upande wa Geita kwa kazi, tulipanga safari kama tunavyopanga ya Serengeti: tulitafuta gari kwanza, tukapanga siku ya kuondoka, tukasema mengine tutayajua mbele ya safari. Gari lilichelewa njiani. Tulifika kwenye mwalo mmoja giza limeingia, boti tuliyoambiwa ipo haikuwepo, na hatukuwa tumethibitisha na mtu yeyote.

Kijana mmoja akatufuata akasema ana mtumbwi wenye injini, atatuvusha kwa bei nafuu. Tulikuwa tumechoka, na wawili kati yetu walikuwa wameshaweka mabegi ndani. Tukauliza maboya ya kuvaa yako wapi. Akacheka, akasema ziwa leo limelala. Tukatoa mabegi. Tulilala nyumba ya wageni ambayo hatukuipangia pesa, na kesho yake siku ikaishia kwenye kusubiri. Tulirudi na pesa pungufu na kazi nusu, lakini tulirudi.

Ndiyo maana jibu letu kwa katibu ni moja: safari ya kisiwani hupangwa kuanzia majini, mkirudi nyuma hadi nyumbani. Gari likikwama, mnapanda jingine. Boti haina jingine. Nauli, chakula, mahali pa kulala na siku ya kuondoka vyote vinafuata saa ya boti. Kwa hiyo chukueni daftari la kikundi, andikeni ukurasa wa mwisho kwanza.

Hatua ya kwanza: boti

Kuna njia mbili za kufika Rubondo kwa barabara na maji.

Ya kwanza ni kupitia Kasenda, bandari ndogo iliyo karibu na Muganza, wilaya ya Chato. Kutoka Mwanza hadi hapo ni kama kilomita 300. Boti kutoka Kasenda hadi kisiwani ni dakika 20 hadi 30, kisha mnapanda gari la hifadhi kwa muda mfupi hadi Kageye, yaliko makao makuu ya hifadhi.

Ya pili ni kupitia Nkome, wilaya ya Geita. Barabarani ni karibu zaidi na Mwanza, lakini majini ni kama saa mbili hadi Kageye.

Kwa watu ambao hawajawahi kupanda boti, sisi tunashauri Kasenda. Nusu saa juu ya maji inavumilika hata kwa mwenye hofu. Saa mbili ni habari nyingine, hasa upepo ukianza.

Wasilianeni na hifadhi yenyewe, kupitia namba zilizo kwenye tovuti ya TANAPA, wiki tatu au nne kabla. Waulizeni mambo haya na muyaandike: boti ya hifadhi ipo siku hiyo? Inabeba watu wangapi? Inaondoka saa ngapi, na mwisho wa kuvuka ni saa ngapi? Bei ni ya mtu mmoja mmoja au ya chombo kizima? Jaketi okozi, yaani yale maboya ya kuvaa kifuani, yanatosha watu wote kumi na wawili? Upande wa pili kuna gari la kutupokea?

Swali la chombo kizima lina uzito mkubwa kwa kikundi. Tufanye hesabu ya mfano tu, msiichukue kuwa bei halisi. Boti ikiwa shilingi 120,000 kwa chombo kizima, watu watatu watalipa 40,000 kila mmoja. Watu kumi na wawili, kama chombo kinawabeba wote, watalipa 10,000 kila mmoja. Lakini kama chombo kinabeba watu saba tu, basi ni safari mbili, na kila mmoja atalipa 20,000. Ndiyo sababu idadi ya watu lazima ijulikane kabla ya kuuliza bei, na asiongezeke shemeji wala jirani dakika ya mwisho.

Jambo la kuongeza mtu lina historia chungu kwenye ziwa hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kutia nanga Ukara, kikiwa kimebeba watu wengi kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 200 walikufa. Waliokuwa gatini walikuwa wanakiona kivuko kinakuja. Ajali haikutokea katikati ya ziwa.

Hatua ya pili: usiku mmoja kabla ya maji

Kutoka Mbalibali hadi Mwanza ni siku nzima. Mtatoka hadi Mugumu, mtapanda gari la kwenda Bunda, kisha mtashika lami kupitia Lamadi na Magu hadi Mwanza. Ni zaidi ya kilomita 200, na kipande cha kwanza ndicho kinachokula muda, hasa mvua zikiwa zimeharibu njia.

Kutoka Mwanza mtakwenda Usagara, kisha Kigongo. Zamani hapa ndipo safari zilipokuwa zinavunjika, kwa sababu ya foleni ya kivuko. Sasa kuna daraja la Kigongo hadi Busisi, Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Mkishavuka mnapita Sengerema, Geita na Katoro, kisha mnaingia upande wa Chato hadi Muganza.

Msijaribu kuunganisha Mwanza na kisiwa siku moja kwa magari ya abiria. Gari likichelewa Geita, mtafika Kasenda jioni, na jioni ndipo watu wanapofanya uamuzi mbaya, kama tulivyokaribia kufanya sisi. Laleni Muganza. Nyumba za wageni zipo za bei ya kawaida, pigeni simu mapema. Asubuhi mnaamka mmepumzika, mnakunywa chai, mnaliangalia ziwa, ndipo mnavuka.

Kikundi cha watu kumi na wawili kinaweza pia kukodi haisi au Kosta kutoka Mugumu kwa safari nzima. Ni ghali kuliko basi, lakini linganisheni vizuri: wekeni nauli za vipande vyote, kwenda na kurudi, mara watu kumi na wawili, ndipo mpatane na mwenye gari. Mkikodi, andikianeni: siku ngapi, mafuta ni ya nani, dereva analala kwa gharama ya nani, na gari likiharibika nani analeta jingine.

Ratiba yetu ya mfano ni hii:

Siku ya 1: Mbalibali hadi Mwanza, kulala Mwanza.
Siku ya 2: Mwanza hadi Muganza, kulala Muganza.
Siku ya 3: kuvuka asubuhi, kufika Kageye, kupumzika, kutembea jioni, kulala kisiwani.
Siku ya 4: kutembea alfajiri, kuvuka kurudi kabla ya jioni, kulala Geita.
Siku ya 5: Geita hadi nyumbani.
Siku ya 6: siku ya akiba.

Siku ya akiba msiifute ili kuokoa pesa. Hiyo ndiyo itakayowapa nguvu ya kusema "leo hatuvuki" upepo ukikataa. Kikundi kisicho na siku ya akiba wala pesa ya usiku mmoja wa ziada kitavuka tu, hata pale ambapo moyo unakataa.

Hatua ya tatu: malipo na karatasi

Hifadhi za taifa hazipokei fedha taslimu mkononi. Mnapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile wengi tunaiita kontroo namba, na mnalipa kwa simu au benki. Mkiona mtu anataka mlipe kwa namba yake binafsi ya simu kwa ajili ya kiingilio, acheni hapo hapo mpige hifadhini.

Kila mmoja abebe kitambulisho cha taifa, au angalau namba ya NIDA na kitambulisho kingine. Bila uthibitisho wa uraia mnaweza kujikuta mnatozwa viwango vya wageni, ambavyo viko juu sana.

Gharama za kisiwani zina mafungu kadhaa, na watu wengi huuliza fungu la kwanza tu. Ulizeni yote: kiingilio na kinadumu saa ngapi, kulala kwenye mabanda ya hifadhi au kupiga kambi, askari wa kutembea nao, kwenda kutafuta sokwe mtu, na gari la ndani ya kisiwa. Ulizeni pia kama bei mliyotajiwa ina kodi ndani yake. Viwango hubadilika kila baada ya muda, kwa hiyo chukueni vya mwaka huu kutoka hifadhini, msichukue vya mtu aliyekwenda zamani.

Mkiwa na jumla, gawanyeni kwa watu, kisha ongezeni sehemu ya kumi kwa dharura. Kiasi kitakachopatikana gawanyeni kwa wiki zilizobaki. Mtu ambaye hataweza, aseme mapema. Ni heri kikundi kikasubiri mwaka mwingine kuliko mtu kukopa kwenye mfuko wa pembejeo kwa ajili ya safari.

Hatua ya nne: wakati

Juni hadi Agosti ni kiangazi. Njia za msituni hupitika na barabara zetu za huku nazo huwa afadhali. Novemba hadi Februari ndege ni wengi, wakiwemo wanaohamia kutoka nchi za baridi, ila mvua za vuli zinaweza kuwashika njiani. Masika, Machi hadi Mei, tunashauri msiende.

Kwa wakulima wa huku kwetu kuna jambo la kuangalia zaidi. Msiondoke watu kumi na wawili mahindi yakiwa yamekomaa shambani na zamu za kulinda tembo zinaendelea. Vuneni kwanza, ingizeni ndani, ndipo muage. Safari nzuri haiwezi kufuta uchungu wa kurudi na kukuta shamba limelala.

Hatua ya tano: mzigo na mwili

Bebeni kidogo. Viatu vilivyofungwa vya kutembea msituni, nguo za mikono mirefu za rangi zisizowaka, koti la mvua, tochi, dawa zenu mnazotumia kila siku, na chandarua kama hamna uhakika wa mtakapolala. Malaria ipo kanda yote ya ziwa. Ulizeni hifadhini kuhusu chakula, kwa sababu kisiwani hakuna soko. Mara nyingi mtatakiwa kubeba unga, mchele, mafuta na mboga zenu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo fungasheni kwenye vikapu na mifuko mbadala.

Chajini simu na pawabenki Muganza. Mkiwa msituni msitegemee mtandao. Mwachieni ndugu mmoja nyumbani ratiba iliyoandikwa, yenye siku na saa ya kuvuka kwenda na kurudi, na namba ya hifadhi. Dharura ya kawaida namba ni 112, zimamoto na uokoaji ni 114.

Maji ya kisiwa yanavutia, lakini msioge humo. Mamba na viboko wapo. Pembezoni mwa ziwa, hata upande wa bara, kuna kichocho.

Halafu kuna suala la sokwe mtu. Wanafanana nasi mno kiasi kwamba mafua yetu yanawapata na yanaweza kuwaua. Mwenye mafua au kikohozi siku hiyo asiende kuwatafuta, hata kama amelipa. Mtatakiwa kukaa mbali nao, msile mbele yao, msiache maganda. Watoto wadogo hawaruhusiwi, kwa hiyo ulizeni umri kabla ya kuahidi mtoto. Na mjiandae kutowaona. Msitu ni mkubwa, na wao wana safari zao. Mnaweza kutembea saa nne mkasikia kelele zao upande wa pili wa kilima na kuona viota vya jana tu. Anayekwenda akijua hivyo hatarudi na kinyongo.

Kuhusu tembo hatuna haja ya kuwafundisha. Yule wa Rubondo ni tembo kama wa huku. Fuateni askari, msimzunguke kumpiga picha.

Kama pesa haitoshi

Msikate tamaa. Pale pale Mwanza kuna kisiwa cha Saanane, kimepewa jina la mzee Saanane Chawandi aliyeishi hapo zamani. Kilianza kuwa bustani ya wanyama mwaka 1964, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Boti ni ya dakika chache kutoka mjini. Mtaona swala pala, pimbi, mijusi ya rangi, na mawe makubwa yaliyopandana juu ya maji. Kikundi kinaweza kutoka siku ya kwanza, kuzuru siku ya pili, na kurudi siku ya tatu. Kwa wanaoogopa maji, ni mahali pazuri pa kujaribu kwanza.

Asubuhi ya kuvuka

Katibu wetu, hili ndilo tunaloomba lisomwe kwa sauti mbele ya kikundi kizima kabla hamjachangia hata shilingi moja. Chagueni watu wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, ambao asubuhi ile ndio watakaosema tunavuka au hatuvuki. Usiku wa kuamkia siku hiyo wasikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa Ziwa Viktoria. Asubuhi wawaulize wavuvi wa pale mwaloni, kwa sababu wao wanalijua ziwa lao. Wahesabu jaketi moja moja, wakikisha kila mtu ameivaa na kuifunga kabla boti haijaondoka. Wahesabu watu dhidi ya uwezo wa chombo.

Mojawapo ya hayo ikikataa, hamvuki. Mmoja wa hao wawili akikataa, hamvuki, na asiulizwe mara mbili wala kuchekwa. Mnarudi Muganza, mnatumia pesa ya usiku ule mliouweka akiba, mnajaribu kesho. Na kesho ikikataa, mnarudi nyumbani, na sokwe watakuwepo mwaka ujao.

Mkienda na kurudi salama, tutumieni ujumbe wa sauti. Tunataka kumsikilizisha mzee wetu wa Nyamongo.